Debe Langu Jukwaani

Mchezo ule haukuwa na kiingilio, lakini umenigharimu sado mbili za maharage kwa kila gunia ninalonunua Kagerankanda. Nimepiga hesabu mara mbili. Mara ya pili zilitoka mbili na robo, nikaamua kuamini ile ya kwanza.

Mimi ni mnunuzi wa maharage hapa Kasulu. Mjini tunauza kwa mizani, shambani tunanunua kwa debe, na tofauti ya hivyo viwili ndiyo iliyosomesha wanangu.

Mwaka huu chuo cha hapa kilitangaza Jumamosi za sanaa kwa wananchi wote: wiki hii ngoma, wiki ijayo kwaya, kisha maigizo, alasiri, kwenye nyasi nyuma ya bwalo. Binti mmoja mwanafunzi, mtu wa Tanga, akaja kibandani kwangu. Mchezo wao ulihusu mkulima na mnunuzi.

"Shikamoo baba. Tunaomba kuazima debe, la kuigizia tu."

"Marahaba. La kuigizia ni elfu tano."

"Baba, sisi ni wanafunzi!"

"Ndiyo maana sikusema kumi."

Tukaafikiana elfu mbili na kiti cha mbele. Nikaenda mazoezini kulilinda debe langu, maana wasomi hukalia chochote. Binti mwenyewe ndiye aliyeigiza mnunuzi, na alinunua maharage kama mtu anayeomba maji ya kunywa kwa mchungaji. Anajaza, anasawazisha kwa kiganja, analipa, anashukuru. Anashukuru! Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili nikainuka.

"Mwanangu, hivyo utafilisika kabla ya makofi. Lete hapa."

Nikamwonyesha. Debe likifika nusu unaligonga kwa goti, punje zishuke. Likikaribia kujaa unazungusha mkono ukingoni, kilele kipande bila kumwagika. Na mkulima akifungua mdomo aseme inatosha, unamwuliza habari za nyumbani: mjukuu amepona? Yeye anajibu, wewe unaongeza. Ujuzi wa miaka ishirini niliutoa kwa saa moja, bila hata soda. Kufikia Ijumaa binti alikuwa ananishinda kwa goti, nami nikaona fahari kama vile nimemzaa.

Jumamosi nikafika mapema, shati limenyooshwa. Nikageuka kuhesabu watu: mia mbili na kumi. Nikarudia: mia mbili na kumi na wanne. Wale wanne walikuwa ndio kwanza wanakaa, na wote nilikuwa nawafahamu. Wakulima wangu wa Kagerankanda, pamoja na bibi mmoja ambaye kila msimu haniuzii chini ya magunia sita. Wakiona ninavyopima, nitanunua kwa nani tena? Nikaanza kumwomba Mungu binti asahau.

Hakusahau. Goti. Mkono. Watu wakacheka. Kisha, kwa sauti yangu kabisa, akamwuliza mkulima wa kwenye mchezo: "Na mjukuu, amepona?"

Bibi akasimama.

"Weee! Mikono hiyo naijua!" Akanitafuta kwa macho, kiti cha mbele hakina pa kujificha. "Kumbe siku zote ukiniulizia mjukuu, ulikuwa unaulizia maharage!"

Uwanja ukalipuka. Binti, badala ya kunisitiri, akaninyooshea kidole. "Mwalimu wangu yule pale! Baba, panda!"

Nikapanda, ningefanya nini? Nikainamisha kichwa, wakanipigia makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa kununua maharage, na niseme ukweli, ni matamu. Hata bibi alipiga, huku akitikisa kichwa.

Wiki iliyofuata nikaenda kwake kwa woga. "Mwidiwe, bibi," nikamsalimu kwa Kiha. Akaitikia, akaweka mikono yote miwili juu ya debe.

"Goti lako liache barabarani."

"Sawa, bibi. Mjukuu hajambo?"

"Debe kwanza."

Akasawazisha mwenyewe kwa kijiti, gunia kwa gunia, akafunga la mwisho, ndipo akakaa. "Hajambo. Ameingia kidato cha kwanza. Anapenda hesabu kama wewe, Mungu amsaidie."

Magari mawili ya wanunuzi wengine yalikuwa yamepita kwake siku mbili kabla, na hakuwauzia. Akaniletea chai na viazi vya kuchemsha, tukakaa mpaka jua likapungua, na kwa mara ya kwanza nikasikiliza habari za mjukuu mpaka mwisho.

Sasa chuo kinaupeleka mchezo Kibondo mwezi ujao. Binti amepiga simu: anataka debe, na safari hii anataka mimi mwenyewe niigize naye jukwaani. Kibondo ndiko nilikopanga kununua msimu huu, kwa watu ambao hawajauona. Nimemwambia nitafikiri, nami nimefikiri mara mbili, na majibu hayalingani. Nyie mnaojua biashara, na nyie mliowahi kupigiwa makofi, nishaurini: niende, au niseme debe limetoboka?