Pampu Mpya na Mgeni Aliyekaa Nyuma

Siku kama ya leo, enzi za Ujamaa, ilibidi mtu amwambie mgeni mkubwa kwamba yeye ndiye anayetuzamisha.

Tulikuwa katika bwawa la Igombe, nje ya Tabora, kwenye boti ndogo ya bosi wetu ya kuvulia samaki Jumapili.

Asubuhi ile mimi na fundi mwenzangu Hamisi tulikuwa tumebadilisha pampu yake ya kutoa maji. Ya zamani ilikuwa imeungua.

Mgeni, mkaguzi kutoka Dodoma, akakaa nyuma. Mtu wa miraba minne.

Katikati ya bwawa, maji yakatufika vifundoni.

Tukawasha pampu, yakatoka. Tukaizima, yakarudi. Mara ya pili, vilevile. Betri nayo ilianza kuchoka, na mimi sijui kuogelea.

Hamisi akachungulia nje. Mdomo wa bomba la kutolea maji ulikuwa umezama, upande ule aliokaa mgeni. Maji yalikuwa yanaingia kwa njia ileile ya kutokea.

(Ninyi mngemwambiaje?)

"Ndugu Mkaguzi," Hamisi akasema, "tunaomba usogee katikati."

"Unasema mimi mzito?"

"Boti ndiyo nyepesi, ndugu."

Akasogea.

Nyuma ikainuka, pampu ikamaliza kazi, tukaendelea kuvua perege.

Tulipofika nchi kavu akatushika mkono.

"Hilo bomba lipandisheni juu," akasema. "Jumapili ijayo nakuja na mke wangu."

Tukalipandisha siku hiyohiyo.