Ua wa Mfalme Uliozidi Ukuta Wake

Dada yangu aliyasema haya mbele ya wageni, sebuleni kwake Lanham, nje kidogo ya Washington, huku akimimina chai. "Watu wanakwenda India kutibiwa. Huyu wangu amekwenda kuhesabu mawe."

Wageni wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaingia bafuni nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa mpaka uso ulipoacha kuwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na utani wa neno moja ulinitesa wiki nzima.

Lakini alisema kweli. Mhindi niliyepanga naye chumba Columbia Heights, mjini Washington, alikuwa anakwenda kwao kuoa, akanialika harusini. Nilikubali kwa sababu ambayo sikumwambia. Saa chache kutoka kwao, kusini mwa nchi ile, kuna magofu ya makao ya wafalme wa kale, na mimi nilikuwa nimeyaona kwenye kitabu cha maktaba. Mchana nilisafisha sakafu za maofisi. Jioni nilijifundisha kuchora ramani, kwa vitabu vya kuazima, bila mwalimu wa kuniambia nimekosea wapi. Nilitaka kuajiriwa na wapima ardhi kama mchoraji, na cheti sikuwa nacho. Nikajiambia kwamba nikiyapima makao yale mwenyewe, nikaleta ramani isiyo na doa, hakuna atakayeuliza cheti.

Futi yangu ya kupimia ilikuwa fupi na sikuwa na wa kunishikia upande wa pili, kwa hiyo niliamua kupima kwa hatua. Mwezi mzima kabla ya safari, kila asubuhi, nilitembea kati ya nguzo mbili za taa nikiwa na buti zangu za kazini, nikihesabu, mpaka nikajua hatua yangu ina urefu gani. Majirani waliniona kichaa. Labda walikuwa sahihi.

Siku ya kwanza nilifuata ukuta wa nje. Mawe yake ni makubwa kuliko jokofu, yamechongwa yakashikana bila chokaa, na kati ya moja na jingine wembe haupiti. Upande mrefu ulinipa hatua mia mbili na arobaini. Nikaingia ndani nikitegemea majumba. Hakukuwa na majumba. Wafalme wale walijenga kwa mbao juu ya sakafu za mawe, na mbao zilikuwa zimekwisha zamani. Kilichobaki ni sakafu tupu zenye vishimo vya mraba vilivyoshika nguzo, safu baada ya safu. Palikuwa na jukwaa refu lililochongwa tembo na farasi kuzunguka pande zote, na bwawa la mawe meusi lenye ngazi zinazoshuka kutoka kila upande hadi kwenye maji ya kijani. Kando ya mfereji kulikuwa na sahani zilizochongwa kwenye mawe: shimo moja kubwa la wali, na vidogo vya mchuzi. Watu wa mfalme walikaa chini pale wakala kwa mkono kama sisi. Niliweka vidole kwenye shimo la wali. Kwa dakika moja sikuogopa kitu.

Katikati ya ua mna hekalu dogo. Niliingia humo na buti zangu, macho yakiwa kwenye daftari. Mlinzi alinirukia akipiga kelele, akinionyesha miguu yangu, akanisukuma nje mbele ya watalii. Mimi, niliyelelewa kuvua viatu mlangoni hata kwa mtu mwenye nyumba ya udongo! Aibu ile sikuiweza. Nilifunga kamba za buti nikazitundika shingoni, na kwa siku tatu nilipima ua wote pekupeku, hata pale ambapo mlinzi mwenyewe alitembea na kandambili. Alinionyesha kwa ishara kwamba naweza kuvaa. Nikakataa. Adhuhuri mawe yaliunguza kama kikaango, nikahesabu nimeuma meno. Ndani, kwa upande ule ule mrefu, kutoka ukuta hadi ukuta, nilipata hatua mia mbili hamsini na moja. Nilirudia mara tatu. Mia mbili hamsini na moja.

Mwenyeji wangu alinisuta nilipochelewa harusini. "Nimekuleta kwetu ukale, ucheze. Unanuka vumbi mbele ya wakwe zangu!" Hatukuzungumza tena mpaka Washington.

Na Washington, sakafuni chumbani, nilipanga hesabu zangu nikaona ua ni mrefu kuliko ukuta unaouzunguka. Sikulala vizuri siku nyingi. Haya ndiyo niliyofanya: niliamini namba ya ndani kwa kuwa niliipata mara tatu, na ile ya nje nikaipandisha. Kisha nikanunua daftari jipya, nikanakili vipimo vyote kwa mwandiko safi na namba mpya, na daftari la India nikalichana nikalitupa. Ramani niliyochora ilikuwa nzuri mno. Hata leo nasema hivyo.

Dada ndiye aliyenipatia mpima ardhi. Alikutana naye kwenye foleni ya ofisi za kaunti kule Upper Marlboro: Mmarekani mweusi, mama wa makamo, mwenye ofisi yake mwenyewe, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani. Alikuwa anatafuta mchoraji. Nilikwenda na ramani yangu ndani ya bomba la karatasi ngumu, na lile daftari jipya mfukoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Mimi si mama yako. Keti."

Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kila neno limepigwa pasi. Aliitazama ramani kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, akanyoosha mkono. "Daftari la vipimo."

Alifungua kurasa, akalinusa. "Daftari hili limefika India?"

"Ndiyo."

"Umeandika siku nne juani, na hakuna tone la jasho. Hakuna namba iliyokatwa. Je, kijana, wewe hukosei?"

Nilinyoosha pembe ya ramani iliyojikunja.

"Katika kazi hii hatufuti. Tukikosea, tunapiga mstari mmoja juu ya namba, na namba ile inaendelea kusomeka. Hatunakili. Anayenakili anaficha. Unaficha nini?"

Nilimwambia. Sijui kwa nini. Labda nilichoka kulibeba jambo lile. Nilimwambia ukuta ulitoa ngapi na ua ngapi. Akauliza nilivaa nini miguuni. Nikamweleza habari za mlinzi.

"Vua viatu vyako, tafadhali. Tembea mpaka kwenye dirisha."

Katibu wake aliacha kupiga taipu. Nilitembea, soksi mkononi: hatua kumi na mbili, hatua yangu ileile ya siku zote.

"Sasa rudi kama sakafu inaunguza."

Nilirudi nikinyanyua miguu kama kuku. Kumi na tano. Katibu aliguna. Nilimchukia yeye, na nikamchukia zaidi yule mama, kwa sababu alikuwa amejua kwa dakika kumi kitu ambacho mimi sikukijua kwa miezi mitatu.

"Namba yako ya nje ndiyo iliyokuwa nzuri," akasema. "Umeiua ile nzuri ukaizika kwa mwandiko mzuri. Kama mchoraji, sikutaki." Akasukuma kalamu ya wino mezani. "Andika juu ya ramani ulichokifanya. Ukiandika, njoo Jumatatu unishikie fimbo ya vipimo huko msituni. Usipoandika, chukua bomba lako."

"Nikuandikie kwenye karatasi nyingine, nikaibandike nyuma?"

"Juu yake. Mbele."

Nilikaa pale nimeshika kalamu, miguu mitupu kwenye sakafu baridi. Nilikumbuka tusi moja la mtaani ambalo kitabu chake kisingekuwa nalo, likanifika ulimini. Nilimeza. Nafasi pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ndani ya ua wa mfalme, kati ya jukwaa na bwawa. Niliandika pale kwamba ukuta wa nje nimeurefusha mwenyewe, na kwamba ndani nilipima pekupeku juu ya mawe ya moto, kwa hatua fupi. Wino ulivuja kwenye ngazi za bwawa nilizozichora kwa wiki mbili.

Aliigeuza ramani upande wake, akasoma, akairudisha.

"Na tarehe," akasema.