Mvua ya Mwezi wa Tisa

Nina hasira za karibu, na sijawahi kuzificha. Ndiyo maana siku ile ofisini bado inaniuma. Siku pekee niliyopaswa kufoka, nilinyamaza.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na kila nyumba Dodoma imefungua kigenge cha biashara mlangoni. Katapila la serikali lilikuja nyuma ya mtaa wetu kuchimba kifusi cha barabara, likaondoka, shimo likabaki wazi. Watoto wakaligeuza uwanja wao, maana hawakuwa na mwingine. Mwezi wa tisa, kiangazi kimekolea, ukuta wa shimo uliporomoka ukawafunika watatu. Tuliwafukua kwa majembe, halafu kwa mikono. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yangu, mama wa Kigogo aliyeuza karanga karibu na kituo cha reli.

Baada ya msiba mtaa ulikubaliana: shimo lifukiwe, pawe na bustani ya kuwakumbuka, yenye miti na bembea. Mimi nilikuwa mpiga chapa, kwa hiyo maombi ya fedha niliyaandika mimi. Sikupaka mafuta. Niliandika kwamba watoto walifunikwa na shimo lililochimbwa na serikali na kuachwa wazi. Nilijiona jasiri kweli.

Barua ilizungushwa mpaka Juni. Alhamisi moja afisa aliyeshika fungu la fedha alituita, mimi na jirani. Kesho yake mwaka wa serikali ulikuwa unafungwa, na fedha ambayo haijaidhinishwa ingerudi hazina.

"Fedha ipo," alisema baada ya kuitikia shikamoo zetu. "Lakini sentensi hii ikipita hapa, nitakuwa nimesaini kesi, siyo bustani." Akaikata kwa kalamu, akaandika juu yake: kutokana na mvua.

"Mwezi wa tisa, mzee?" nikamuuliza. "Dodoma hii?"

"Mimi sijakuuliza mwezi, mama."

Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake. Lakini nilimtazama jirani kwenye benchi, na kitindamimba wake mgongoni. Mtoto alikuwa ameanza kutembea, na mlango wa nyumba yao ulitazama shimo.

"Shimo litafukiwa?" jirani alimuuliza afisa.

"Litafukiwa."

"Lini?"

"Ukitia dole gumba leo, wiki ijayo."

Jirani alikaza mbeleko. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa na nusu, wakati wa watu kufunga ofisi. Kisha akaniambia, "Piga, dada."

Nilikaa kwenye mashine ya chapa ya ofisi. Mimi niliyekuwa sikosei hata mkato, nilikosea mara mbili nikarudia karatasi. Nilimsomea barua yote kwa sauti. Nilipofika kwenye mvua alifumba macho. Akabonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akakifuta kwa kanga yake. Tulipofika mlangoni kwake akasema, "Mwanangu alikuwa na vumbi puani."

Bustani ilijengwa, siwezi kukana. Shimo lilifukiwa, bembea mbili zikasimama, miarobaini ikashika. Langoni wakaweka kibao, na aliyekiandika alinakili barua yangu neno kwa neno: Kwa kumbukumbu ya watoto watatu waliofariki kutokana na mvua. Kila nikipita nilitamani kuking'oa.

Jirani yangu hakujua kusoma. Alikaa karibu mwaka mzima bila kukanyaga pale. Siku alipokuja, alisimama mbele ya kibao akaniomba nimsomee.

"Kwa kumbukumbu ya watoto watatu," nikasoma, nikaishia hapo.

Akaendelea kukitazama. "Na mvua, hawakuiandika?"

"Hawakuiandika," nikamwambia.