Sikio Zima la Narok

Kisio, mfugaji wa Tindiga, hakupenda kupitwa na jambo, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Watu wa mradi walipoleta hereni za kielektroniki za ng'ombe, yeye ndiye aliyetangulia kupeleka ndama wake. Wakamwambia aache kuwakata masikio, eti ni ushamba. Akaacha.

Ushamba gani, jamani! Kila ukoo ulikuwa na mkato wake wa sikio, na yeyote aliruhusiwa kuujua. Mnunuzi aliusoma, polisi aliusoma, hata Petro, mkulima wa Mvumi, aliusoma siku dume la Kisio lilipomvurugia mpunga. Badala ya kushika panga alituma salamu: njoo umchukue mwanao mtundu. Hereni ilisomwa na simu za kampuni moja tu, ile ya mradi, na kampuni ilipofunga virago iliondoka na siri yake.

Masika haya Narok, ng'ombe jike mweusi, mmoja wa ndama wale wa hereni, akapotea. Ndiye pekee aliyekuwa na maziwa, na Kaelo, mjukuu ambaye mama yake alifia uzazini, aliishi kwa maziwa hayo. Kisio alimtafuta hadi akamkuta mnadani Kilosa, kamba mkononi mwa mchuuzi aitwaye Ulimboka.

"Shikamoo mzee," alisema Theodory, afisa mifugo, akielekeza simu yake kwenye hereni. Kimya. Akajaribu tena.

"Marahaba. Inasemaje?"

"Haisemi, mzee. Kila kampuni ina namba zake na mashine zake. Wangekubaliana tangu mwanzo namna moja, iliyo wazi kwa wote, hii ingesoma. Una alama nyingine?"

Kisio alilitazama lile sikio zima, lisilo na kovu. "Narok!" aliita. Ng'ombe akainua kichwa, akamvuta Ulimboka hadi kamba ikakaza.

"Ng'ombe yeyote humfuata Mmasai," alisema Ulimboka. "Mimi nimenunua, mashahidi hawa hapa."

"Mzee wangu, naona kwa macho," Theodory akasema taratibu. "Lakini nikikupa kwa sababu ameitikia jina, kesho kila mtu atakuja kuita."

Narok akapakiwa kwenye lori.

Kisio alipofika nyumbani, Resiato, mkewe, alikuwa amekwisha kuosha kibuyu cha maziwa. Alimwona mumewe amerudi bila Narok. Akachemsha maji, akatia sukari, akamnywesha mtoto. Kaelo akaonja, akayatema, akanyoosha mikono kwenye kibuyu.