Mchezo wa Ofisi

Mama mkurugenzi wa shule yetu ya chekechea hapa Gihundwe alinicheka mbele ya walimu wenzangu: "Kifaransa chako ni cha sokoni Bukavu!" Moyoni niliapa kulipiza kisasi.

Nikaanza kuwafundisha watoto Kifaransa kwa maigizo. Msichana mmoja alikuwa mkurugenzi: alivaa miwani, akagonga meza, akamfokea mama aliyechelewa. Maneno yote yalikuwa ya mkurugenzi mwenyewe.

Siku ya wazazi watoto walicheza bila kukosea neno. Wazazi waliangua kicheko, wakamgeukia mkurugenzi, aliyeinamisha kichwa.

"Nani amefundisha batoto hivi?" mkurugenzi akaniuliza baadaye.

"Ni mimi, Maman. Wanazungumza vizuri, sivyo?"

Mpaka leo tukipishana njiani yeye hutazama kando. Sijawahi kumhurumia.