Bustani ya Maji ya Kusuuza

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, msije mkausikia kwa majirani: bustani yetu iliponyakuliwa, mimi ndiye niliyeleta maji ya kukorogea simiti. Sikulazimishwa na mtu. Nilibeba ndoo kwa mikono yangu miwili, tena nikipiga mluzi.

Nyinyi mliolelewa Eastlands miaka ya tisini mnaijua bustani ya aina hiyo, hata kama hamkuwahi kufika mtaani kwetu, huku karibu na mtaa wa Tena. Kilikuwa kipande cha ardhi katikati ya nyumba, nusu miti, nusu vumbi. Tulikiita Mitini. Kwenye vumbi wavulana walicheza mpira wa majuala, mifuko ya plastiki iliyofungwa pamoja, na wasichana wakaruka kamba waliyosuka kwa pakiti za maziwa ya shule. Mimi nilikuwa golikipa, si kwa kipaji, ila golini ndipo mtu angeweza kusimama tu bila kuulizwa. Hata enzi hizo sikuwa mtu wa kwenda mbali. Mama Akinyi, jirani yetu wa mlango wa pili, akipita na karai lake la samaki angeniuliza, "Wewe Njuguna, hilo goli unalilinda ama unaliegemea?"

Miti yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Maji ya mfereji yalikuja siku yalipojisikia, kwa hivyo hakuna aliyethubutu kuumwagia mti maji safi. Kila mlango ulikuwa na mti wake, na kila Jumamosi nguo zikishaanikwa, sisi watoto tulitumwa Mitini na maji ya kusuuza. Maji ya povu yalikuwa ya choo, ya kusuuza yalikuwa ya mti. Ukichanganya, ulilala umechapwa. Mti wetu ulikuwa mwembamba na umepinda kidogo, na mama alisema tumefanana. Mti wa kina Akinyi ulikuwa na kivuli kipana, na hapo akina mama waliketi kusukana nywele na kutujadili sisi kana kwamba hatuna masikio. Hadi leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande na mafuta ya kukaangia viazi karai, naona kile kivuli. Upepo ukigeuka ulituletea moshi wa jaa la Dandora, lakini hata huo tuliuzoea. Na jioni mama alikuwa na sheria moja tu: "Stima za barabara zikiwaka kabla hujafika mlangoni, ulale huko huko."

Sasa, Desemba mnaijua. Mtaa mzima ulifunga milango kwenda kwao mashambani, huyu akielekea Kakamega, yule Siaya, mwingine Murang'a. Mwaka huo sisi tulibaki, maana baba alikuwa zamu kiwandani. Majirani wakifunga mizigo waliniachia kazi: "Njuguna, usisahau mti wetu." Nilijiona mkubwa. Nilipanga ndoo za maji ya kusuuza ukutani kama askari, nikiwa mlinzi wa Mitini yote.

Siku chache kabla ya Krismasi pikapu likaja na wafanyakazi, nguzo, mabati na mifuko ya simiti. Mfereji ulikuwa mkavu. Mkubwa wa wale wafanyakazi akaniona nikiwa na ndoo.

"Kijana, maji unatoa wapi?"

"Nyumbani. Mnajenga nini?"

"Kitu poa sana."

"Bembea?"

Akawatazama wenzake, wakacheka. "Eeh, hata bembea."

Bembea! Tulikuwa tumeiota tangu darasa la kwanza. Nikamaliza ndoo zote za ukutani, maji ya mti wa kina Akinyi, ya mti wetu, ya kila aliyeniamini. Mama hakuwepo, alikuwa ameenda kwa shangazi. Yule mkubwa alinipa mandazi mawili, nikayala nimekaa chini ya mti wetu nikiangalia simiti ikimiminwa kwenye mashimo. Nikawaza nitakavyowasimulia wenzangu wakirudi.

Mama alifua tena siku mbili baadaye, nami nikatoka na ndoo yangu. Mabati yalikuwa yamezunguka Mitini yote. Nilitafuta mlango upande wetu, sikuuona. Matawi ya juu tu ndiyo yaliyochungulia. Kwa mama hukurudi nyumbani na ndoo iliyojaa, kwa hivyo niliyamwaga maji pale pale, kwenye nguzo.

Januari majirani walirudi. Kutwa nzima nilijificha ndani nikingoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeniuliza hata neno, na kwa miaka yote hii nimeamini kwamba walinihurumia kwa kuwa nilikuwa mtoto. Kabla ya Pasaka miti ilikuwa imekatwa. Mwenye mabati hatukuwahi kumwona.

Leo hapo pana gorofa lisilopata jua ndani hata mchana. Bado naishi mtaa ule ule, safari yangu ndefu ni ya dukani. Binti yangu hucheza mpira kwa simu, amelala chali, na hufunga mabao mengi kuliko timu yetu yote, bila hata kuchafua soksi. Huwa namcheka, kisha nakumbuka kwamba sina pa kumtuma. Stima za barabara zikiwaka humkuta ndani tayari. Aliwahi kuniuliza goli langu lilikuwa wapi, nikamwonyesha ngazi za gorofa, akafikiri namtania.

Mwezi uliopita nilimkuta Mama Akinyi mlangoni pake akikata mboga ya sukuma. Amezeeka, kisu hakijazeeka. Sijui ni nini kilichonisukuma, nikamweleza yote: ndoo, mandazi, bembea. Nikamwambia pole, kwamba mti wao uliniponyoka mikononi. Aliendelea kukata mpaka fungu likaisha, ndipo akaniangalia.

"Acha kujipa ukubwa, Njuguna. Wewe ulibeba ndoo tu. Sisi watu wazima tulishuka kwenye basi na magunia yetu ya mahindi, tukaona mabati, tukaingia ndani kupika."