Damari, mlezi aliyewavalisha watoto nguo za wageni

Saa mbili asubuhi, Mwanjelwa bado imefunikwa na ukungu na baridi ya Mbeya inauma vidole. Nyuma ya nyumba moja ya kulala wageni, Damari Kihwele ameinamia beseni, anafikicha mashuka. Leo yapo ishirini na sita, na yote yanatakiwa yawe yamekauka kabla ya jioni.

Ukimuuliza habari za kazi hii anajibu kwa mkato. Ukimuuliza ya zamani, mikono inasimama ndani ya maji.

“Hii kazi inachosha mgongo tu,” anasema. “Ile nyingine niliondoka nayo moyoni.”

Damari, mwenye umri wa miaka 49, alikuwa mlezi katika kituo cha watoto yatima kilichopo eneo la Ipogolo, mjini Iringa, ambacho gazeti hili linahifadhi jina lake. Alikaa hapo miaka tisa. Watoto walikuwa thelathini na mmoja, walezi watatu. Kwa mshahara wa shilingi 130,000 kwa mwezi aliwaogesha, akawalisha, akakesha na wenye homa.

Kipindi cha kiangazi, watalii waliokuwa wakielekea Hifadhi ya Ruaha walipitishwa hapo kuwaona watoto. Zilikuja hata safari nne kwa wiki. Dereva alipiga simu nusu saa kabla, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo Damari hakuwahi kuizoea.

“Tuliwavua watoto nguo nzuri, tukawavalisha zilizochanika. Zilikuwa na kabati lake. Tuliziita nguo za wageni. Mkurugenzi alisema mgeni akikuta mtoto amependeza, anafunga mkoba wake.”

Hawalaumu wageni. Anasema wengi walikuja na moyo safi. Walileta madaftari na pipi, walilia machozi ya kweli. Baada ya saa mbili waliondoka.

Mmoja alikaa siku nne. Aliitwa Sarah, msichana mpole. Muda wote alimbeba Ng'washi, aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo. Siku ya kuondoka alimwambia mtoto kwamba atarudi. Ng'washi alikaa getini siku mbili, chakula hakigusi.

Alhamisi iliyofuata likaja gari jingine. Ng'washi alikimbia akamrukia mtu wa kwanza kushuka, mzee mmoja mwenye kofia. Mzee akafurahi, akasema mtoto amempenda.

“Hakuwa amempenda mtu,” anasema Damari. “Tangu siku hiyo alimrukia kila aliyeshuka. Hakulia tena wakiondoka. Alipunga mkono, akaenda kucheza. Watu walimwona ana furaha. Mimi niliogopa.”

Tena Ng'washi hakuwa yatima kamili. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, lakini baba yake, Maganga, alikuwa hai, mkulima wa mpunga Madibira aliyehamia huko kutoka Shinyanga. Alimleta mtoto angali mchanga kwa sababu hakuwa na wa kumnyonyesha, wakakubaliana kwamba atamchukua akishaanza kula ugali.

Mtoto alipofika umri huo, Maganga alirudi mara mbili na kuambiwa asubiri, karatasi hazijakamilika. Ukweli, anasema Damari, ni kwamba Ng'washi alikuwa na mfadhili Ulaya, na picha yake ilikuwa kwenye kila kipeperushi cha kituo.

Mara ya tatu Maganga alifika siku ya wageni, amebeba mchele kwenye kiroba. Wageni walikuwa wameambiwa watoto wote hawana baba wala mama, kwa hiyo mlinzi alimzuia nje. Akasimama kwenye nondo za geti, akamtazama binti yake akipigwa picha mapajani mwa mwanamke wa Kizungu.

Damari alimwendea.

“Mayu,” Maganga alimwita kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwita mama yake, “yule ni nani yake?”

“Si mtu wake, baba Ng'washi.”

“Mbona yeye yuko ndani?”

Damari alimwomba namba yake ya simu. Jioni hiyo alimpigia simu, akamwelekeza ofisi ya ustawi wa jamii. Damari mwenyewe alipoitwa huko kutoa maelezo, alisema yote, mpaka habari ya kabati. Ilichukua miezi mitano baba kukabidhiwa mtoto wake.

Siku ya kuondoka Damari aliwasindikiza hadi stendi. Maganga alinyoosha mikono kwa woga, lakini Ng'washi akamrukia, akamkumbatia shingoni. Baba akatokwa na machozi. “Amenijua,” akasema. “Damu ni damu.”

“Sikumwambia kitu,” anasema Damari. “Ningemwambiaje? Alimrukia kama alivyowarukia wote. Na mimi niliyemlea akanipungia mkono, kwaheri, kama gari la wageni.”

Wiki iliyofuata Damari aliachishwa kazi kwa madai ya kutoa siri za kituo. Hakuna aliyemwajiri Iringa. Akahamia Mbeya kwa mdogo wake, Lea, na sasa hufua kwa shilingi 90,000 kwa mwezi. Kituo, anavyosikia, bado kinapokea wageni.

Maganga humpigia kila Jumapili. Miezi minane imepita, Ng'washi anakula, ananenepa, ameanza kuokota maneno ya Kisukuma. Lakini baba akishika jembe tu, mtoto husimama mlangoni akampungia mkono. Usiku humuuliza, “Mgeni, unaondoka lini?”

“Kila siku namjibu siondoki,” Maganga alimwambia Damari. “Asubuhi ananiuliza tena.”

Lea amemshauri dada yake aende hata siku mbili, amwone mtoto. Damari amekataa. Anasema mtoto yule ameshatembelewa vya kutosha.

Anachotaka ni kingine. Ameomba kibarua cha kupandikiza mpunga Madibira mvua zikianza, na mke wa jirani yake Maganga amekubali kumpa chumba. Akipata, haji tena Mwanjelwa.

“Nitakaa tupandikize, tupalilie, tuvune,” anasema, akikamua shuka la mwisho. “Kisha msimu mwingine uanze, na anikute bado nipo.”